Uso wa Kuazima

Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alisimama mbele ya duka la Mama Mng'aro, akakikodolea macho kibao cha dukani kama mzazi anayetafuta jina la mwanawe kwenye matokeo ya mtihani. Kibao kilikuwa na picha mbili. Kushoto alikuwepo mwanamke mweusi aliyenuna, na chini yake pameandikwa KABLA. Kulia alikuwepo mwanamke wa sura ile ile, lakini mweupe, anacheka mpaka gego la mwisho, na chini yake pameandikwa BAADA. Mteja aliondoka kwenye kibao, akaja kwenye kaunta, akamtazama mwenye duka, kisha akarudi kwenye kibao kuhakikisha.

"Samahani, dada," akasema. "Huyu wa Baada nimemkuta?"

"Ndiye mimi, bibie. Karibu."

Mteja akamchunguza. Macho yake yalianza kwenye mashavu yaliyoshuka, yakazunguka vimfuko viwili chini ya macho, yakateremka shingoni, yakatua kwenye vifundo vya vidole ambavyo vilikuwa vyeusi tii, kana kwamba mikono ile ilikuwa ya mtu mwingine. Alikuwa mtu wa adabu, hakusema kitu, na adabu yake ndiyo iliyomchoma Mama Mng'aro kuliko tusi.

"Aa," akasema hatimaye. "Picha ya siku nyingi?"

"Si nyingi hivyo."

"Basi nitapita kesho."

Hakungoja hiyo kesho. Alivuka barabara papo hapo, akaingia duka jipya la ng'ambo, ambako binti mmoja aliyeitwa na mtaa mzima Kidosho alikuwa ameketi nje kwenye kiti kirefu, mashavu yamemtuna, hana kibao wala picha. Hakuhitaji. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na tangu Kidosho afungue duka lake, Mama Mng'aro alikuwa amejitembeza hadi akachoka.

Mtaa ulijua kwamba Mama Mng'aro alizaliwa mweusi, na kwamba mkorogo aliouchanganya kwa mkono wake ndio uliomtoa weusi. Hilo lilikuwa kweli. Ambalo mtaa haukulijua ni kwamba yule wa Kabla hakuwa yeye. Siku alipofungua duka alikuwa ameshajipaka miaka mitano, picha zake za zamani zimeliwa na mende, naye alihitaji uso mweusi wa kuonyesha. Kwa bahati uso wake ulikuwa na nakala. Akamwendea dada yake waliyezaliwa naye tumbo moja siku moja, akamwambia, "Pacha, niazime uso." Yule dada alicheka, akakubali. Kazi ikawa kumfanya anune, kwa maana alikuwa mtu wa kicheko. Mpiga picha aliharibu mara kadhaa, mpaka alipomwambia afikirie chakula kimeungua na wageni wako mlangoni. Ndipo akanuna, akapigwa, akatundikwa. Nguo ya kuazima haisitiri makalio, walisema wahenga, lakini kuhusu uso hawakusema neno, na Mama Mng'aro akachukua kimya chao kuwa ruhusa.

Miaka kumi ilipita namna hiyo, na kibao kikamlisha.

* * *

"Nimekata kauli," alimwambia mumewe jioni ile. "Nakwenda kuvutwa."

Mumewe alikuwa fundi saa. Alikuwa na tabia ya kusikiliza huku jicho moja limefumba, hata pale ambapo hakuwa na saa mkononi.

"Kuvutwa na nani?"

"Uso, baba watoto. Kuna daktari wa upasuaji wa urembo pale kliniki ya ghorofani, nyuma ya benki. Anavuta ngozi juu, inayozidi anaikata, kisha anashona nyuma ya sikio. Unaingia bibi, unatoka binti."

"Na hiyo inayokatwa inakwenda wapi?"

"Nitajuaje?"

"Uliza. Kama bado nzima, rudi nayo, huwezi kujua."

"Wewe fanya mzaha. Uso wangu ndio duka lenyewe. Leo mteja kaja, kaniangalia, kavuka barabara. Kesho watavuka wawili. Duka likifungwa, tutakula hizo saa zako?"

Fundi saa akafumbua lile jicho lake. Alimpenda mkewe, naye alikuwa amempenda vivyo hivyo alipokuwa mweusi, alipokuwa mwekundu, na hata alipokuwa na rangi mbili kwa wakati mmoja. Lakini kila alipojaribu kulisema hilo, lilitoka limepinda.

"Mimi naona uko sawa tu," akasema.

"Wewe hununui krimu," akajibu mkewe, na mjadala ukaishia hapo.

Kliniki ilitaka mgonjwa aje na ndugu. Fundi saa hakuweza kukiacha kibanda chake, kwa hiyo likabaki jina moja. Pacha alikuwa mkulima wa uyoga. Nyuma ya nyumba yake, pembezoni mwa mji, alikuwa na vibanda viwili vya giza na unyevu, na humo ndimo alimoshinda tangu asubuhi hadi jioni, kavaa mabuti, ananukia majani mabichi. Kila Jumamosi alileta uyoga mjini. Alipofika dukani kwa dada yake hakupita mlango wa mbele, alizunguka uchochoroni na kugonga mlango wa nyuma. Mama Mng'aro alidhani ni kwa sababu ya tope la mabuti, na hakuwahi kuuliza.

* * *

"Mama aingie kwa daktari," alisema msichana wa mapokezi. "Binti, wewe kaa hapa umsubiri."

"Sisi ni mapacha," alisema Pacha.

Msichana akacheka, kama anavyochekea mizaha yote ya wageni. Kisha akaona hao wawili hawacheki, akainamisha kichwa na kuwafungulia mlango wote wawili.

Daktari alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyoteremka hadi ncha ya pua, na vidole vya baridi. Alimgeuza Mama Mng'aro uso kulia, akamgeuza kushoto, akamwinua kidevu kuelekea taa.

"Unapaka nini usoni?"

"Sabuni na maji."

"Sabuni gani?"

"Ya kipande."

Daktari akaushika mkono wake, akaulaza juu ya meza chini ya taa, vile vifundo vyeusi vimekaa waziwazi. Akavitazama kwa muda.

"Uso unasema sabuni ya kipande," akasema. "Vidole vinasema habari nyingine. Nimsadiki nani?"

Mama Mng'aro alimtazama dada yake amsaidie. Pacha alikuwa anatazama dari.

"Siri ya mtungi aijuaye kata," akasema Pacha akiwa bado na dari yake. "Sema, Pacha. Huyu ni daktari, si mteja."

Ikabidi aseme. Mkorogo, asubuhi na jioni, miaka kumi na mitano. Daktari aliuliza ndani ya mkorogo mna nini.

"Krimu tatu za dukani. Na vidonge, nasaga."

"Vidonge vya nini?"

"Vyeupe."

"Nauliza ni vya kutibu nini."

"Daktari, ni vyeupe. Ndiyo maana naweka."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, ingawa haikuwa na vumbi. Kisha akafanya jambo ambalo Mama Mng'aro hakulitarajia kwa mtu aliyesoma kiasi kile. Akamfinya. Alishika ngozi ya mgongo wa mkono kwa vidole viwili, akaivuta juu, akaiachia. Ngozi ikabaki imesimama kama hema, haina haraka, haijui irudi au ikae. Akamfinya shavuni, na huko nako hali ikawa ile ile. Kisha akanyoosha mkono upande wa pili na kumfinya Pacha. Ngozi ya Pacha ilirudi kabla vidole havijaondoka.

"Na wewe unapaka nini?"

"Mafuta ya mgando," alisema Pacha. "Nikikumbuka."

"Kazi yako ni ya juani?"

"Nalima uyoga. Jua nalisikia kwa jirani."

Daktari akaegemea kiti. "Watu wanafikiri kazi hii ni mkono wa daktari," alimwambia Mama Mng'aro, wala hakusema kwa ukali. "Mkono ni nusu tu. Mimi ni mshonaji, kitambaa unaleta wewe. Ukiniletea kitambaa chenye nguvu, nikikivuta kinavutika, nikikishona kinashika. Ngozi yako dawa zimeila kwa ndani. Imekuwa nyembamba, haivutiki ikarudi. Uzi utaikata. Kidonda kitachelewa kupona, kovu litakuwa nene, na baada ya miezi michache mashavu yatateremka yalikokuwa. Utakuwa umelipa ili urudi hapo hapo ulipo, na makovu juu."

"Makovu si yatakuwa nyuma ya sikio? Nani ataona?"

"Mama, wewe unauza urembo. Wateja wako ndio watu pekee duniani wanaotazama nyuma ya sikio."

Hilo Mama Mng'aro hakuweza kulibishia, kwa sababu yeye mwenyewe, alipoingia, alikuwa ametazama nyuma ya masikio ya msichana wa mapokezi.

"Kwa hiyo hakuna dawa."

"Ipo. Acha mkorogo. Usiache kwa siku moja, ngozi itakuasi. Nitakuonyesha namna ya kupunguza. Jikinge na jua. Utawashwa, utatoka mabaka, utanichukia. Rudi baada ya mwaka nikufinye tena. Ngozi ikirudi, nitakushona. Isiporudi, sitakushona hata uje na machozi." Kisha akamnyooshea Pacha kalamu. "Huyu sasa, ningemshona hata umeme umekatika."

"Mimi nimemsindikiza tu," alisema Pacha, akaficha mikono mifukoni kwa usalama wake.

* * *

Njia nzima Mama Mng'aro alitangulia mbele. Walipofika nyumbani alivua viatu, akakaa, akamwambia dada yake, "Umefurahi."

"Kwa lipi?"

"Tumezaliwa na ngozi moja. Yako ipo, yangu haipo. Mtu angedhani umeniibia."

"Pacha, yako umeikoroga mwenyewe."

Fundi saa, aliyesimuliwa mambo yote akiwa mlangoni, alikuwa tayari amejifinya mkono na ameushikia saa. "Yangu inarudi," akatangaza. "Lakini inapumzika njiani." Hakuna aliyecheka. Akaiweka saa mfukoni, akaenda kujifinya jikoni.

Hata hivyo Mama Mng'aro alianza kupunguza mkorogo, maana hofu ya makovu ilikuwa imemwingia. Daktari hakumdanganya. Wiki za mwanzo uso uliwaka kama uliopakwa pilipili, kisha ukatoka mabaka: hapa pekundu, pale peusi, pale pengine pana rangi ambayo haikuwahi kuuzwa duka lolote. Akafunga duka siku moja, akafunga ya pili. Ng'ambo ya barabara Kidosho aliongeza benchi la wateja wa kusubiri. Mama Mng'aro akalitazama benchi lile kupitia tundu la ufunguo, na maji yakawa yamezidi unga.

Akamtumia Pacha ujumbe aje upesi.

"Kesho utakaa dukani," akamwambia. "Utavaa gauni langu na hereni zangu. Wewe utakuwa mimi."

"Mimi mweusi."

"Ndiyo biashara yenyewe. Tutasema nimetoa mkorogo mpya, wa kurudisha rangi. Siku hizi wenye nafasi zao wanataka rangi yao. Kibao kinasema Kabla na Baada. Wewe utakuwa Baada ya Baada."

Pacha aliyatazama mabuti yake. "Na wakiniuliza napaka nini?"

"Sema ni siri."

"Pacha, mimi uongo unanitoa jasho."

"Siri si uongo. Ni kunyamaza kwa maneno." Halafu sauti ikamshuka. "Duka linakufa. Nisaidie siku moja tu."

Pacha alitaka kusema neno, akalimeza. Akauliza kama angeweza kuja na kikapu chake cha uyoga, kwa kuwa kesho yake ilikuwa Jumamosi.

* * *

Nyuma ya kaunta palikuwa na pazia, na nyuma ya pazia stoo ndogo yenye mlango wa uchochoroni. Mama Mng'aro alijibana humo juu ya katoni la sabuni, kajifunga kitambaa mpaka puani, sikio limeelekea dukani. Nusu saa ya kwanza alisikia mabuti tu, maana Pacha alikubali gauni na hereni lakini viatu vya visigino alivikataa.

Akaja mshonaji wa jirani.

"Hee, Mama Mng'aro. Ulijificha wapi? Umerudi kigori, na weusi wako umerudi."

"Nilipumzika," alisema Pacha.

"Hebu nione." Mshonaji alimshika shavu kama anayepima kitambaa. Akamwita mwenzake wa kibanda cha simu, mwenzake akaita mwingine, na benchi la Kidosho likaanza kuinuka mtu mmoja mmoja. Stoo nzima ikajaa sauti zao. Mama Mng'aro alisikia droo ya pesa ikifunguka, ikafungwa, ikafunguka. Moyo wake ukacheza. Alimbariki dada yake kimyakimya pamoja na mabuti yake.

"Unapaka nini, shoga?"

"Siri."

"Siri na sisi majirani?"

"Siri," alisema Pacha kwa mara ya pili, na jasho likasikika katika sauti.

"Wewe sema tu, tutanunua. Ni chupa ipi kati ya hizi?"

Pacha akakohoa. "Mafuta ya mgando," akasema.

Nyuma ya pazia Mama Mng'aro alikiuma kile kitambaa.

"Mgando huu huu? Wa lile kopo linalozuia mlango?"

"Huo huo. Na nakaa kivulini. Na nakula uyoga, lakini huo ni kwa sababu ninao."

"Uyoga." Neno lilipita dukani kutoka mdomo hadi mdomo. Kumbe ile droo iliyokuwa inafunguka ilikuwa inapokea pesa za uyoga. Kikapu kiliisha kabla saa nne haijagonga, kopo la kuzuia mlango likauzwa pamoja na vumbi lake, mlango ukajifunga wenyewe, na mkorogo wote ukabaki rafuni umepangwa vizuri, haujaguswa hata kifuniko. Mama Mng'aro alitamani kucheka na kulia, akashindwa achague kipi, kwa kuwa vyote vingesikika.

Ndipo ikaja sauti aliyoijua. Ilikuwa ile ya adabu.

"Dada, nisamehe," alisema yule mwanamke mwenye mtoto. "Siku ile nilikukuta nikadhani ni mtu mwingine. Pengine uliumwa."

Pacha alisogeza kikapu kitupu pembeni.

"Kule ng'ambo niliingiwa na wasiwasi, sikununua. Lakini wewe nimekuona kwa macho yangu, ngozi laini, kumbe dawa zako hazidhuru. Nataka ule wa kung'arisha, wa picha ile. Chupa ndogo inatosha, si wangu mimi. Ni wa huyu."

"Huyu nani?"

"Mwanangu. Mama mkwe anasema amezidi weusi, na ni wa kike. Nikasema nimuanze mapema, ngozi ikiwa bado laini."

Duka likanyamaza. Hata mshonaji alinyamaza, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Pacha aliinuka, akainamia kaunta na kumfinya mtoto shavuni taratibu. Shavu likarudi, mtoto hakuamka.

"Dada," alisema Pacha, "mimi si mwenye duka hili. Mimi ndiye yule aliyenuna pale juu. Mimi ni Kabla. Sikuwahi kupaka hicho kitu hata siku moja. Wa Baada yuko nyuma ya pazia."

Mama Mng'aro aliinuka juu ya katoni. Mlango wa uchochoroni ulikuwa karibu, komeo lake alilijua gizani. Angeweza kutoka, akapita nyuma, kesho akasema dada yake ana matatizo ya akili. Alikuwa na uso mkavu wa kutosha kwa hilo, uso uliokuwa umekauka kweli kweli. Aliushika mkono wa komeo. Halafu, kwa mwanga uliopenya pazia, akauona mkono wenyewe, vifundo vyake, ngozi ya juu imesimama pale alipokuwa amejifinya bila kujua, haijarudi bado. Akamfikiria yule mtoto na vidonge vyeupe.

Akafungua kitambaa, akalivuta pazia, akatoka.

Hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali wangepiga.

"Ndiye mimi," akasema. "Mtazameni Baada. Tazameni vizuri, leo naonyesha bure." Akamgeukia mwenye mtoto. "Huyo usimpake kitu, mwanangu. Nakuomba. Hata kwa mwenzangu wa ng'ambo usinunue. Mama mkwe wako akikuuliza, mlete hapa, nitakaa naye uso kwa uso."

Mwanamke yule alimtazama, safari hii bila ile adabu, akaona kila baka. Akamvuta mtoto mgongoni akamkaza vizuri. "Pole, dada," akasema, na ilikuwa pole ya kweli.

Kimya kikatanda tena, hadi mshonaji aliposhindwa kuvumilia.

"Kwa hiyo," akauliza, "uyoga umekwisha kabisa?"

* * *

Walipofunga, dada wawili walikaa sakafuni, migongo kwenye kaunta. Mama Mng'aro alingoja alaumiwe, na alipoona halaumiwi akaanza mwenyewe.

"Umeniangusha duka."

"Nimekuangusha," alikubali Pacha.

"Ungeweza kunyamaza."

"Nimenyamaza miaka kumi. Pacha, unajua kwa nini napita mlango wa nyuma? Mtu akiniona mbele ya kibao, ananiangalia mimi, anaiangalia picha, kisha ananiambia, 'Usijali, na wewe utapona.' Nitapona nini? Watoto wa kwetu kule walioiona picha waliniita Bi Kabla. Mimi ambaye mama alikuwa ananipiga kwa kucheka msibani, uso wangu unajulikana mji mzima kwa kununa."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliazima. Aliyeazimwa kitu hudai mara ngapi? Nilingoja ukumbuke."

Mama Mng'aro aliona aibu, si ile ya mabaka, aibu yenyewe hasa, ile inayomfanya mtu ajue alikuwa mdogo kiasi gani. Alikuwa ameuweka uso wa dada yake juani miaka kumi ili wake upendeze, na hata shukrani hakutoa. Akalia. Machozi yakamchoma kwenye mabaka, akalia tena kwa sababu ya kuchomwa. Pacha alimpa pindo la gauni ajifute, akakumbuka ni gauni la mwenyewe, akacheka. Alianza kwa pumzi, kisha kwa mabega, mwisho akajilaza sakafuni na mabuti yake hewani, na Mama Mng'aro akajikuta naye anacheka, ingawa kucheka nako kulichoma.

Fundi saa alipokuja kuwatafuta aliwakuta hivyo. Akawaangalia wote wawili, akaenda kuleta ngazi. Kibao kilishuka jioni ile. Akakikata katikati kwa msumeno na kuwagawia, kila mtu nusu yake. Pacha alichukua ya kwake akaizibia dirisha la kibanda cha uyoga, uso umeelekea ndani, kivulini.

* * *

Duka halikufa, ila lilikonda. Mkorogo ulimwagwa kwenye shimo nyuma ya choo, na fundi saa akadai kwamba hata inzi wa huko wameanza kuwa weupe. Rafuni kukabaki mafuta ya mgando, sabuni za kipande, kofia pana za kukinga jua, na Jumamosi uyoga. Wengine walimcheka Mama Mng'aro, wengine walimpita bila salamu. Mabaka yaliungana polepole, yakawa rangi moja ambayo hakuwa ameiona kwa miaka, na siku ya kwanza alipojiona kwenye kioo alidhani Pacha amepita mlango wa mbele.

Jioni moja, wakati wa kufunga, Kidosho alivuka barabara. Alitazama kushoto na kulia, akaingia, akalaza mkono wake juu ya kaunta.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo. "Nasikia unafinya."

Mama Mng'aro alimfinya. Wakaitazama ngozi ile wote wawili kwa muda, na hakuna aliyependa alichokiona. "Bado hujachelewa," akamwambia. "Keti nikueleze namna ya kupunguza. Usiache kwa siku moja, itakuasi."

Mwaka ulipotimia, siku moja kabla ya kurudi kwa daktari, alikwenda kwa dada yake. Kibandani kulikuwa na giza na joto la unyevu. Dirishani yule Pacha wa picha bado alikuwa amenuna, uyoga mmoja umemwotea karibu na sikio. Pacha mwenyewe alikuwa anachuma, anapiga mluzi.

"Kesho unakwenda?"

"Nakwenda."

"Ukiambiwa unashoneka, utashonwa?"

"Sijui. Kwanza nataka kujua tu kama nina kitambaa." Akakunja mkono wa gauni, akanyoosha mkono. "Nifinye."

Pacha alifuta vidole kwenye sketi, akamfinya mgongoni mwa mkono kwa nguvu zote za dada, akaachia. Wakainama, vichwa vimegusana, wakatazama. Ngozi ikasimama, ikasita. Kisha ikaanza kurudi taratibu, kama mtu aliyepotea njia na anaona haya kuuliza. Lakini ikafika.